Magome ya Kegonga

Kaka yangu ndiye aliyenipeleka Kegonga. Nilikuwa nimepewa kazi ya kukusanya mimea ambayo waganga wa kusini mwa ziwa huwapa watu wenye uvimbe. Nilijua kwamba nikienda Kuria peke yangu, Mjaluo asiyejulikana na mtu, nimebeba mifuko na kalamu, nitarudi na majani ya mpera tu. Yeye alikuwa ameuza omena, dagaa wa ziwani, katika masoko ya huko kwa miaka mingi. Alizinunua Muhuru Bay zikiwa mbichi, mke wake akazianika juu ya nyavu kuukuu, kisha yeye akazipandisha milimani kwa magunia. Kikuria alikijua kile cha sokoni, cha kutania na kupatana bei. Kikimwishia alitumia Kiswahili, kwa sauti ya juu, kana kwamba watu wote wa huko ni viziwi.

"Huyu ni nyamera," aliwaambia, halafu akakumbuka kwamba neno hilo si la kwao. "Dada yangu. Anachunguza dawa kule Nairobi. Si polisi."

Mama tuliyepelekwa kwake alikuwa na chumba cha mitishamba nyuma ya mashine ya kusaga unga. Alikuwa mtu wa biashara, mchangamfu, na jambo la kwanza alilotaka kujua ni kama dawa ikifaulu jina lake litatajwa. Nilimwambia litatajwa akitaka. Alituongoza hadi ukingoni mwa shamba la mahindi la shemeji yake, akaupiga mti mmoja panga upande wa mashariki, kisha upande wa magharibi, akabandua magome mapana yenye majimaji mekundu.

"Usivue mti nguo yote," alisema. "Itakufa."

"Na hii inafanya nini, mama?"

"Inamaliza ile kitu inakula mtu kwa ndani."

"Kwa kila mtu?"

"Kwa wale hawajachelewa."

Jibu hilo nimelisikia kwa kila mganga niliyewahi kumhoji, na kwa kila daktari pia.

Mchana tuliingia hoteli moja karibu na stendi, tukaagiza nyama na ugali. Mimi nilimaliza. Kaka yangu alikuwa bado anatafuna tonge la kwanza, akiliteremsha kwa maji, akingoja, akiteremsha tena, machozi yakimlengalenga. Mtu huyu nilikua nikimwona akimaliza sahani yake na kuanza yangu.

"Ng'ombe wa leo alikuwa mzee," alisema.

"Umekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mvua ianze. Ni vidonda vya tumbo."

Nilimwambia akapimwe. Aliniahidi ataenda omena zikipungua. Sikumwamini, kwa hiyo jioni hiyo nilimpigia wifi yangu simu nikamwambia asimpe amani mpaka aende. Hakumpa. Hata hivyo ilichukua muda, na siku aliyolazwa kwa ubavu hospitalini Homa Bay na kuingizwa mrija wenye taa kooni, mimi nilikuwa Nairobi nikisaga magome yale.

Wifi ndiye aliyenipigia. Alisema daktari ameona kitu kama koliflawa kimeziba njia ya chakula, amekikata kipande, na kipande hicho kimepelekwa kupimwa. Nilijua jibu kabla halijarudi. Jibu liliporudi, nililisoma kwenye simu, picha ya karatasi iliyotumwa na wifi, na nikarudi kwenye mashine yangu kwa sababu sampuli ilikuwa imeshaanza kuchemka.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Magome hukaushwa kivulini, husagwa, huloweshwa sehemu moja kwenye maji na nyingine kwenye spiriti, huchujwa, kisha umajimaji huvukizwa polepole mpaka kubaki utomvu mweusi chini ya chupa. Utomvu huo ndio tunaopima. Seli za kansa tunazifuga kwenye chupa bapa zenye maji ya lishe ya rangi ya waridi, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa mtu. Zile tulizozitumia kwa magome ya Kegonga zilitoka katika umio, hiyo njia ya chakula, ya mtu mmoja aliyekufa zamani katika nchi ambayo sijafika. Mtu mwenyewe ameoza, lakini kansa yake bado inakula kwenye makabati ya dunia nzima. Nilikuwa nimezifuga seli hizo muda mrefu bila kuzifikiria hivyo. Baada ya ile simu ya wifi nilianza kuzifikiria hivyo kila asubuhi nilipofungua kabati.

Tunazipanda kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo, tunazipa dawa kwa viwango tofauti, tunaziacha, kisha tunatia rangi ya manjano. Seli iliyo hai huigeuza rangi hiyo kuwa zambarau. Iliyokufa huiacha ilivyo.

Niliposoma sahani ya kwanza, safu nzima ilikuwa ya manjano. Nilirudia, ikawa vilevile. Nilikwenda kwa profesa wangu nikiwa karibu kukimbia, nikaiweka sahani mezani kwake. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia kwa utulivu ulioniudhi.

"Hata petroli inaua seli za kansa," alisema. "Niletee za kawaida."

Alikuwa sahihi, na nilijua. Dawa si kitu kinachoua. Dawa ni kitu kinachochagua. Kwa hiyo nilipanda seli za kawaida, za figo ya nyani, ambazo maabara nyingi hutumia kwa kazi hiyo, nikazipa utomvu uleule. Vishimo vya maji matupu vikageuka zambarau, vizuri kabisa. Vile vyenye dawa vikabaki vya manjano. Kiwango kilichoua seli za kansa kiliua za kawaida karibu kwa wingi uleule. Kulikuwa na tofauti, lakini tofauti ndogo, ya kumfanya mtu aendelee kutafuta, si ya kumfanya ampe mtu kikombe.

Wakati huo kaka yangu alikuwa ameanza matibabu. Walimwambia upasuaji umechelewa, atapewa sindano za dawa kali, na mionzi ikipatikana nafasi. Sindano ya kwanza aliivumilia. Ya pili ilimwangusha. Nilichukua ruhusa nikaenda Muhuru Bay kumwona.

Nilimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti zito katika jua la kuchoma. Wifi na wanawake wengine wawili walikuwa wakigeuza omena kwa mafagio. Mikono ya kaka yangu ilikuwa imeshika kikombe cha uji mwepesi ambao hakuwa akiunywa. Nywele zilikuwa zimenyonyoka, na kichwa chake kilifanana na cha baba yetu alipokuwa anakaribia kufa.

Tulizungumza Dholuo, kama siku zote.

"Yale magome tuliyoleta," alisema. "Wifi yako anasema uliua kansa."

"Niliua seli kwenye sahani."

"Seli za nini?"

"Za koo."

"Za koo la mtu?"

"Za mtu, ndiyo."

"Na langu ni koo la nini? La mbuzi?"

Nilimweleza. Nilichukua kikombe chake nikakitumia kumwonyesha: hapa kansa, hapa mwili wako, dawa inamwagika kote. Nilimwambia kuhusu zile seli za nyani.

"Kwa hiyo nyani alikufa."

"Figo yake ndiyo ilikufa."

"Mimi ni nyani?"

"Unafanana naye kuliko unavyopenda."

Alicheka. Kicheko kilimletea kikohozi, na kikohozi kilimletea matapishi, uji wote aliokuwa amejilazimisha kunywa tangu asubuhi. Wifi alikuja na mchanga akaufunika. Alipokwisha kujifuta, kaka yangu hakuwa akicheka tena.

"Niletee ile uliyosafisha. Ile ya maabara. Kidogo tu."

"Hapana."

"Ungekuwa ni wewe hapa kwenye kiti?"

"Ningerudi hospitali."

"Hujawahi kudungwa ile sindano."

Hilo lilikuwa kweli. Nilimwambia tena kwamba sitamletea, kwamba akitumia magome yale ini na figo zake zinaweza kuharibika, na kwamba nasema hivyo kama mtu aliyeyapima kwa mikono yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza mafuta ya gari yamefikia bei gani Nairobi. Tulizungumza mambo mengine mpaka nilipoondoka.

Njia ya Kegonga hakuhitaji kuonyeshwa na mtu.

Hakwenda kwa siri kubwa. Alimwambia wifi anakwenda kukusanya madeni ya omena, na akarudi na mfuko wa magome chini ya kiti cha pikipiki. Wifi aliyachemsha. Baadaye aliniambia, "Ningemkataliaje? Alikuwa ameniomba chakula nikakosa anachoweza kumeza. Akaniomba nimchemshie maji." Kliniki iliyofuata ya sindano hakwenda.

Nilijua siku aliyonipigia mwenyewe. Nilikuwa kwenye korido ya maabara, nimevua glavu. Sauti yake ilikuwa na nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka uliotangulia.

"Sikiliza," alisema.

Akaisogeza simu karibu na mdomo. Nilimsikia akitafuna. Nilimsikia akimeza. Kisha akasema, "Ugali. Umesikia? Ugali, si uji. Na jana nilikula samaki, ngege mzima."

"Umekunywa magome."

"Nimekula ngege," alisema, akakata simu.

Nilisimama pale ukutani. Siwezi kusema nilikasirika. Nilifurahi. Nilirudi ndani, nikatoa seli, nikapanga jaribio lote upya kuanzia mwanzo, na kila nilipotia dawa kwenye kishimo niliomba, kwa maneno, kwamba niwe nimekosea. Nilisali kwamba mikono yangu ndiyo ilikuwa michafu, au seli za nyani zilikuwa zimezeeka, au mizani ilikuwa imeharibika. Sahani ilipokuwa tayari niliisoma peke yangu. Sikuwa nimekosea.

Nilimpigia nikamwambia aache. Alisema sawa. Nilipompigia wifi kuthibitisha, aliniambia bado anakunywa, na ameongeza, kwa sababu inamsaidia. Nilimpigia mganga wa Kegonga pia. Alikuwa na uchungu nami.

"Si wewe ulichukua hii dawa ukasema unaenda kupima? Sasa umepima, unaniambia nisimpe ndugu yako?"

"Ndiyo, mama. Usimpe."

"Amekula au hajala?"

"Amekula."

"Basi," alisema. Lakini alisema pia kwamba amemwonya kaka yangu apunguze kipimo, na kwamba yeye hasikii la mtu, anakunywa kama mtu anayekata kiu. Aliahidi hatampa tena. Nadhani alitimiza. Kaka yangu alikuwa ameshauona ule mti na kujua ulipo.

Sijui kilichomfungulia koo. Huenda ni zile sindano mbili zilizokuwa zimeanza kufanya kazi alipoziacha. Huenda uvimbe ulimeguka wenyewe, jambo ambalo hutokea. Huenda ni magome. Nimeliuliza swali hilo kwa watu wanaojua kuliko mimi na kila mmoja amenipa jibu lake. Ninachojua ni kwamba alikula kwa majuma machache, akanenepa kidogo, akarudi kwenye mizani ya omena akawagombeza watu kama zamani. Kisha wifi akanipigia akasema macho yake yamebadilika rangi.

Walimpeleka Homa Bay. Nilifika siku iliyofuata. Alikuwa wodini, kwenye kitanda cha pembeni, tumbo limevimba, mikono na miguu imebaki mifupa, ngozi yake ya njano hata viganjani. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alituita kando, mimi na wifi, akauliza, "Kuna kitu kingine alikuwa anakunywa? Dawa ya kienyeji?"

Wifi alitazama sakafu. Mimi ndiye niliyejibu. Nilimtajia mti kwa jina lake la kisayansi, nikamwambia unafanya nini kwa seli za kansa na unafanya nini kwa seli za kawaida. Aliacha kuandika akanitazama.

"Umejuaje?"

"Ni kazi yangu."

Daktari alisema ini limechoka sana. Inaweza kuwa ni ile dawa, inaweza kuwa ni kansa imefika kwenye ini, inaweza kuwa yote mawili.

"Tunaweza kujua?"

"Tukipima zaidi, labda. Lakini haitabadilisha kitu tutakachomfanyia."

Niliketi na kaka yangu siku zile. Mara nyingi hakuwa na fahamu, au alizungumza na watu wa sokoni. Alasiri moja aliamka akiwa mzima wa akili, akanitambua, akaomba nimloweshe midomo kwa kitambaa.

"Umekuja kunigombeza?"

"Hapana."

"Hata ungeniambia nisinywe, ningekunywa."

"Nilikuambia."

"Nilikunywa," alisema, na nusura atabasamu. Alipumzika. Halafu akasema, "Ngege alikuwa na mayai. Wifi yako alimkaanga na nyanya. Nilitoa mifupa mwenyewe."

Hayo si maneno yake ya mwisho. Ya mwisho yalikuwa ya kuomba apinduliwe upande, na hatukuweza kumpindua bila kumwumiza, kwa hiyo alikufa asubuhi akiwa kwa upande asioutaka.

Tulimzika nyumbani kwake Muhuru Bay. Watu walikuwa wengi, wa ziwani na wa milimani, na hema halikuwatosha. Hotuba zilikuwa ndefu. Baba mdogo alipochukua kipaza sauti alisema mambo mazuri, kisha akasema, "Ugonjwa huu ulimshinda kwa sababu tulichelewa. Dawa ilikuwepo. Dada yake huyu hapa, mtoto wetu, ndiye aliyeigundua. Sote tulimwona marehemu akila. Angeianza mapema, leo tungekuwa naye."

Watu waligeuka kunitazama. Baadhi walipiga makofi. Nikaona, safu ya tatu au ya nne, mwanamke jirani yetu, mama wa watoto wadogo, akiwa amejifunga leso kifuani kwa namna ya mtu anayeficha kitu. Nilimwona akimnong'oneza mwenzake.

Nilinyanyuka. Kwetu dada wa marehemu hamkosoi baba mdogo mbele ya jeneza. Nilichukua kipaza sauti nikasema kwamba nashukuru kwa maneno ya mzee, na kwamba dawa ile haikumponya kaka yangu. Nilisema nimeipima. Nilisema inaua kansa na inaua mtu, bado haijui kuwatenganisha, na kwamba mwenye uvimbe aende Homa Bay, au Migori, aende mapema. Nadhani nilisema vibaya. Nilimwona wifi akiinuka kutoka kwenye viti vya familia akaingia nyumbani.

Baba mdogo hakuniaga nilipoondoka. Mama yetu, ambaye hakuwa amelia mbele za watu hata mara moja, alinishika mkono jikoni akaniuliza, "Ulipata faida gani? Mke wake ndiye aliyemchemshia. Umemwambia mbele ya kijiji kizima kwamba alimpikia mumewe sumu."

Sikuwa nimeliona hivyo. Nilimfuata wifi chumbani. Alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, na viatu vyake vya mazishi miguuni. Nilimwambia hatujui ni nini kilichomwua, kwamba daktari mwenyewe alisema hajui, kwamba angekufa hata hivyo. Yote yalikuwa kweli. Hakugeuka.

Yule jirani alinifuata barabarani nikisubiri gari. Alifungua leso akanionyesha titi lake, hapo hapo nyuma ya kibanda cha kuchajisha simu, na nilipoligusa lilikuwa gumu chini kama kokoto. Niliahirisha safari. Kesho yake nilikwenda naye Homa Bay. Alikuwa ameshakunywa dawa za aina nyingi kabla ya siku hiyo, nyingine hata mimi sizijui. Bado anatibiwa. Wakati mwingine habari zake ni nzuri, wakati mwingine si nzuri, na nimeacha kukisia.

Magome ya Kegonga bado tunayafanyia kazi. Tumeutenganisha utomvu vipande vipande, na kipande kimoja kinachagua kidogo zaidi kuliko vingine. Profesa anasema ni kazi ya miaka. Siku hizi yeye ndiye anayefurahi na mimi ndiye ninayeziinua sahani dirishani kwa utulivu.

Wifi hakunipigia kwa muda mrefu. Aliichukua biashara ya omena mwenyewe, akawa anapanda nazo milimani. Mwezi uliopita simu ililia nikaona ni yeye. Hakusalimia.

"Watu wanakuja hapa," alisema. "Wanauliza alikotoa dawa. Jana amekuja mzee kutoka Mbita, amebebwa na wanawe."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia waende hospitali. Wakaniuliza, si mumeo alikula samaki? Nikasema alikula. Nitasema nini? Alikula."

"Waambie na kilichofuata."

"Nawaambia. Wananisikiliza mpaka nimalize, halafu wanauliza Kegonga wanashukia wapi."

Kwa mbali nilisikia wanawake wakiitana, na upepo ukipiga kwenye simu.

"Mvua inakuja," alisema. "Omena ziko nje zote. Acha nikazianue."